Siku mbili za mafunzo kwa walimu wa biashara: nianze na maudhui au mbinu?

MamaLeja

Habari za kazi, walimu wenzangu.

Ninaongoza idara ya masomo ya biashara shuleni kwetu. Muhtasari mpya wa somo umeshatufikia, na uongozi umenipa siku mbili kabla ya muhula kufunguliwa niwaandae walimu wa idara. Safari hii hatuletewi mwezeshaji kutoka nje. Nimeambiwa nipange mwenyewe, na jambo hili nalichukulia kwa uzito sana, kwa sababu nafasi kama hii haiji mara kwa mara.

Mafunzo tuliyowahi kupata yalikuwa ya mbinu tu: kazi za vikundi, maswali ya kufikirisha, namna ya kujaza andalio la somo kwa mtindo mpya. Mara ya mwisho tulisomewa jedwali la umahiri mstari kwa mstari mpaka saa ya chakula. Hakuna aliyefungua leja. Sipingi mbinu. Lakini nilipoweka muhtasari mpya na kitabu cha kiada mezani, kimoja huku na kingine huku, nikaona pengo la aina nyingine. Kitabu kinafundisha njia tatu za kuthamini bidhaa zilizobaki, ikiwemo ile ambayo bidhaa za mwisho kuingia huhesabiwa kuwa za kwanza kutoka. Muhtasari unataja mbili tu, na hauelezi ya tatu imekwenda wapi. Mwalimu kijana wa idara akaniuliza, "Mama, hii wameisahau au wameifuta?" Nilimjibu kwamba imefutwa. Akauliza tena: "Kwa nini?" Hapo nikaona swali hilo linastahili kujibiwa mbele ya idara nzima.

Naomba ushauri wenu. Siku mbili hizi niziweke kwenye maudhui au kwenye mbinu? Ni mambo gani yamebadilika kweli kweli katika somo letu ambayo mwalimu hapaswi kuingia darasani bila kuyajua? Na la tatu, ambalo ndilo linaloninyima usingizi: ndani ya idara wamo walimu wa miaka mingi, na mmoja wao alinifundisha mimi. Nitasimamaje mbele yake kumwambia kwamba sehemu ya anachofundisha imepitwa na wakati?

KalamuNyekundu

Dada, mimi ningeanza na mbinu. Muhtasari wa umahiri unamtaka mwanafunzi afanye kitu, aandae ankara, apange bajeti ya mradi mdogo, atetee uamuzi wake. Mwalimu aliyezoea kuandika ubaoni na kunukulisha hataweza kupima hayo hata kama anajua kanuni zote za uhasibu. Maudhui ni kusoma, na kila mwalimu anaweza kusoma nyumbani kwake. Namna ya kuendesha darasa haisomwi peke yako, inahitaji wenzako wakuone.

MzeeWaMizania

Mwalimu MamaLeja, hongera kwa kupewa siku mbili pamoja na uhuru wa kuzipanga.

Kabla ya kushika chaki nilifanya kazi katika ofisi ya ukaguzi wa hesabu, kwa hiyo jambo hili nalitazama kwa jicho la mtu anayempokea mwanafunzi wetu kazini. Jibu langu ni maudhui kwanza. Namheshimu KalamuNyekundu, na ni kweli kwamba mbinu inahitaji macho ya wenzako. Ila sikubali kwamba maudhui mwalimu atayasoma nyumbani. Angekuwa anayasoma, njia iliyofutwa zaidi ya miaka 20 iliyopita isingekuwa bado inafundishwa.

Somo letu lina tabia yake. Mwalimu wa hisabati anayefundisha pembetatu leo anafundisha kile kile alichofundishwa babu yake. Sisi sehemu kubwa ya tunachofundisha ni kanuni ambazo watu hukaa mezani wakazibadilisha, kisha wakazipangia tarehe ya kuanza. Kuandika kila muamala pande mbili, debiti na krediti, hakujatikisika tangu Luca Pacioli alipokueleza katika kitabu chake kilichochapishwa Venice mwaka 1494. Huo ndio msingi, na mwalimu wa miaka mingi anaujua kuliko sisi sote. Lakini vyumba vilivyojengwa juu ya msingi huo vina tarehe. Mwalimu asiyezijua tarehe anaweza kuwa hodari wa kazi za vikundi, na vikundi vyake vikawa vinajadili kitu ambacho hakipo tena.

Tuchukue hilo la bidhaa zilizobaki, maana umeligusa mwenyewe. Bodi ya Viwango vya Kimataifa vya Uhasibu, IASB, ilikirekebisha kiwango cha IAS 2 mwaka 2003, na kuanzia Januari 1, 2005 njia ya za mwisho kuingia kuwa za kwanza kutoka hairuhusiwi kwa anayefuata viwango hivyo. Zilizobaki ni mbili: za kwanza kuingia kuwa za kwanza kutoka, na wastani wa gharama. Marekani, ambayo kampuni zake zina kanuni zake zenyewe, bado inairuhusu.

Usiishie kuwaambia walimu "imefutwa". Wape karatasi wapige hesabu, hata wale wanaoijua. Mfanyabiashara ananunua vipande 100 kwa 10 kila kimoja, baadaye ananunua vingine 100 kwa 12 kila kimoja, kisha anauza 150 kwa 20. Mauzo ni 3,000. Kwa njia ya za kwanza kutoka kwanza, gharama ya vilivyouzwa ni 1,600, faida ghafi 1,400, na ghalani vimebaki vya 600. Kwa wastani, gharama ni 1,650, faida 1,350, ghalani 550. Kwa njia iliyofutwa, gharama ni 1,700, faida 1,300, ghalani 500.

Sasa uliza: vile 50 vilivyobaki ghalani, mfanyabiashara akitaka kuvinunua upya leo atavipata kwa 500? Hatavipata. Bei ya 10 imeshapita. Njia ile inaacha kwenye mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya biashara, bei za zamani, na kadiri miaka inavyokwenda bei zikipanda, thamani ya ghala kwenye vitabu inazidi kuachana na ya sokoni. Kisha uliza: nani anafurahi faida ikionekana 1,300 badala ya 1,400? Anayelipa kodi kwa kufuata faida. Hapo utaelewa kwa nini sheria ya kodi ya Marekani inaitaka kampuni inayotumia njia hiyo kwenye hesabu za kodi iitumie pia katika taarifa inazowapa wenye hisa. Haiwezekani kumwonyesha mtoza kodi faida ndogo na mwenye hisa faida kubwa kwa bidhaa zile zile.

KalamuNyekundu, umeona? Hilo ni somo la kufikirisha kutoka mwanzo hadi mwisho, na mbinu yake imetoka ndani ya maudhui yenyewe. Mwalimu anayejua kwa nini kanuni ilibadilika hakosi swali la kuuliza darasani.

La pili ambalo kila mwalimu wetu anapaswa kulijua ni kiwango cha IFRS 18, nacho ni cha IASB (viwango vyake vya zamani huitwa IAS, vipya IFRS). Kilitolewa Aprili 2024, kinaanza kutumika kwa miaka ya fedha inayoanza Januari 1, 2027 au baada ya hapo, na kinachukua nafasi ya IAS 1, kiwango cha zamani cha namna ya kuwasilisha taarifa za fedha. Kinagusa kitu tunachokifundisha kila mwaka, yaani taarifa ya faida na hasara. Mapato na gharama sasa yatagawanywa katika mafungu: ya uendeshaji, ya uwekezaji na ya ugharimiaji, mbali na kodi ya mapato na shughuli zilizositishwa. Tena kinalazimisha majumla mawili yaonekane, faida ya uendeshaji, na faida kabla ya ugharimiaji na kodi ya mapato. IAS 1 haikuwahi kueleza faida ya uendeshaji ni nini. Kampuni mbili za kazi moja ziliweza kuandika jina hilo hilo na kila moja ikaweka ndani yake vitu tofauti, halafu msomaji akazilinganisha kana kwamba ni sawa. Niliziona hesabu za namna hiyo nilipokuwa kwenye ukaguzi, na ziliniudhi mno.

Zoezi lake ni rahisi. Chukua swali lolote la hesabu za mwisho mlilonalo. Kila mwalimu awe na kalamu za rangi tatu. Mauzo, gharama ya bidhaa, mishahara, uchakavu, vyote rangi ya uendeshaji. Riba iliyopokelewa kutokana na amana na gawio la hisa walizonunua, rangi ya uwekezaji. Riba ya mkopo, rangi ya ugharimiaji. Ndani ya nusu saa watakuwa wamekishika kiini. Na yatazuka mabishano. Je, benki inayokopesha watu, riba yake inakaa wapi? Kwa benki kukopesha ndiyo kazi yenyewe, basi inaingia kwenye uendeshaji. Acha wabishane kabla hujawajibu.

Kwa walimu wa upande wa biashara ya kimataifa, angalieni vifupisho vya usafirishaji, Incoterms. Toleo la sasa ni la 2020, lina vifupisho 11, na ndani yake DAT (mzigo kukabidhiwa kwenye kituo cha mizigo) ilibadilishwa kuwa DPU (mzigo kukabidhiwa mahali palipotajwa ukiwa umeshushwa). Kitabu chenye DAT si cha kutupa, ila mwalimu arekebishe kwa kalamu na awaambie wanafunzi.

Kuhusu mwalimu wako aliyekufundisha: usimfanye mwanafunzi wako. Mwendee mapema, mwenyewe, si kwa barua, umwombe aendeshe kipindi cha kwanza kuhusu mambo ambayo hayajabadilika. Aonyeshe jinsi anavyomtoa mwanafunzi kwenye risiti mpaka kwenye urari wa majaribio, ile orodha ya akaunti zote ya kuhakiki kama debiti na krediti zinalingana. Akishaweka msingi huo mbele ya wote, wewe utaingia na yaliyobadilika juu yake, na hakuna atakayeona amevuliwa heshima. Watu wa umri wetu hatukatai mapya. Tunakataa kuambiwa kwamba tuliyofanya miaka yote yalikuwa bure.

BintiLahajedwali

Shikamoo Mzee, na salamu kwenu nyote. Naomba niongeze la zana, maana sijaliona hapa.

Tunafundisha makosa yanayoonekana kwenye urari wa majaribio na yale yasiyoonekana kana kwamba mwanafunzi ataandika kwa kalamu maisha yake yote. Kazini anakuta programu ya uhasibu, na programu haikubali muamala wa upande mmoja. Ukiingiza debiti ya 500 bila krediti ya 500, inagoma kuhifadhi. Kwa hiyo kosa ambalo tunalitumia vipindi vingi kulitafuta, pande mbili kutolingana, kule karibu halipo. Yanayobaki ni yale ambayo urari hauyaoni: muamala uliosahaulika wote, ununuzi wa mashine ulioandikwa kama matengenezo, malipo ya mteja mmoja yaliyowekwa kwa mwingine, ankara iliyoingizwa mara mbili. Programu itasema kila kitu kiko sawa, na hesabu ni mbovu.

Mimi sifuti ile akaunti ya muda ya kushikilia tofauti, kwa sababu inawafundisha kufuata nyayo za kosa. Nimeipunguzia muda tu, muda huo nikauhamishia kwenye makosa yaliyojificha. Ninawapa wanafunzi leja kwenye lahajedwali ambayo urari wake umelingana vizuri, pamoja na rundo la risiti na ankara, na kuwaambia ndani yake mna makosa manne. Mwanzoni wanakataa: "Mwalimu, lakini imelingana!" Kisha wanaanza kuweka tiki kwenye ankara moja moja, wanapokuta ile iliyoingia mara mbili utawasikia.

Kwenye siku zako mbili, tenga muda kila mwalimu ajenge urari huo kwa mikono yake. Safu ya akaunti, safu ya debiti, safu ya krediti, fomula ya jumla chini, na seli moja inayotoa tofauti ya pande mbili. Hauhitaji programu ya kununua. Na wakae wawili wawili, mmoja mzoefu wa hesabu na mmoja mzoefu wa kompyuta, kila mmoja ana cha kumpa mwenzake. Kwenye idara yetu ndivyo walivyozoeana walimu ambao awali walikuwa wanasalimiana tu.

MwalimuWaJioni

Nakubaliana na mengi ya Mzee, ila naomba tahadhari moja. Mimi nafundisha watu wazima jioni, wengi wana biashara zao ndogo. Si kila kinachobadilika kwa kampuni kubwa kinawahusu wanafunzi wetu.

Biashara ndogo na za kati zina kiwango chao, IFRS kwa ajili ya kampuni ndogo na za kati. Kilianza 2009, na toleo la tatu limetoka Februari 2025, litaanza kutumika Januari 1, 2027. Humo mambo mengine yako tofauti kabisa. Mfano ni thamani ya jina la biashara iliyonunuliwa. Kampuni kubwa haziipunguzi mwaka kwa mwaka tena, zinaipima kila mwaka kuona kama imeshuka. Kampuni ndogo bado zinaipunguza kidogo kidogo, na ikiwa haijulikani itadumu kwa muda gani, isizidi miaka 10. Au mikataba ya kukodi jengo. Tangu 2019, chini ya IFRS 16, kampuni kubwa inayokodi jengo kwa miaka mitano inaandika haki ya kulitumia kama mali na kodi itakayolipa kama deni. Kiwango cha wadogo hakijafuata njia hiyo hata katika toleo jipya. Kwa hiyo mwalimu anayemwambia mwenye duka kwamba kodi ya pango si gharama tena anampotosha.

Hiyo njia ya za mwisho kutoka kwanza, hata hivyo, imekatazwa kote, kwa wakubwa na kwa wadogo. Hilo futeni bila wasiwasi.

Jingine ni mtihani. Kama maswali ya mwisho yatatungwa kwa muhtasari wa zamani kwa wanafunzi walioko sasa, huwezi kuacha kuwafundisha wanachoulizwa. Mwanafunzi asiadhibiwe kwa sababu mwalimu wake amesoma zaidi.

MzeeWaMizania

MwalimuWaJioni, umesema kweli na nakushukuru. Nami ningeiweka IFRS 16 kwa walimu, si kwa wanafunzi wanaoanza. Hata kwa wakubwa, mkataba usiozidi miezi 12 unaweza kubaki gharama ya kawaida, kwa hiyo somo la kodi ya pango tunalofundisha darasani halijafa. Mwalimu ajue mpaka uko wapi, ili mwanafunzi mdadisi akiuliza asiambiwe anyamaze.

Kuhusu mtihani, mwanafunzi wa muhtasari wa zamani afundishwe njia zote tatu na aambiwe waziwazi ipi haitumiki tena na tangu lini. Hilo linachukua dakika tano. Ninachokipinga ni kumwacha amalize shule akiamini zote zinatumika, aende kwenye usaili wa kazi akaitaje kwa kujiamini.

KalamuNyekundu

Nimesoma yote. Naondoa neno langu la kwamba maudhui mtu atasoma nyumbani. Nabaki na moja: baada ya siku mbili, iweje? Walimu wa Japani wana desturi ya kuandaa somo moja kwa pamoja, mmoja akalifundisha, wengine wakakaa darasani kutazama wanafunzi, wanakwama wapi, wanauliza nini, halafu wanakaa tena kulijadili. Anayechunguzwa pale ni somo lenyewe, si mwalimu. Dada, hilo la bidhaa zilizobaki linafaa kabisa kuwa somo la kwanza la namna hiyo muhula utakapoanza. Siku ya pili jioni liandaeni wote, likiwa na zile hesabu za Mzee.

MamaLeja

Asanteni sana, mmenipa zaidi ya nilichoomba.

Nimekwenda kwa mwalimu wangu nyumbani kwake kama Mzee alivyoshauri. Amekubali kufungua siku ya kwanza kwa safari ya risiti hadi urari. Kabla sijaondoka akaniletea faili la maswali ya mitihani ya miaka iliyopita, ameyapanga kwa mada, akasema tuyatumie kuonyesha swali lile lile lingeulizwaje leo. Sikuwa nimeliwazia hilo, nami nimelipa nafasi yake.

Mpango umekaa hivi. Siku ya kwanza asubuhi ni yake. Mchana ni bidhaa zilizobaki, kila mtu na karatasi yake, kisha kalamu za rangi za IFRS 18. Siku ya pili tunajenga urari kwenye lahajedwali wawili wawili na kutafuta makosa manne ya BintiLahajedwali. Kipindi kifupi baada ya hapo ni cha kutenganisha yanayowahusu wakubwa na yanayowahusu wadogo, nikitumia mifano ya MwalimuWaJioni. Jioni tunaandaa somo la pamoja, na yule kijana aliyeuliza "kwa nini" ndiye ameomba alifundishe, sisi wengine tukae nyuma.

BintiLahajedwali, kama hutajali, naomba lile faili la makosa manne pamoja na ankara zake. Nitabadilisha majina ya wateja na kiasi, muundo nitauacha ulivyo.

BintiLahajedwali

Nimekutumia kwenye ujumbe wa faragha. Ankara iliyoingia mara mbili iko kwenye ukurasa wa wadai. Usiwaonyeshe kabla hawajafika hapo wenyewe.